Kibao cha Nne

Simu ilikuwa sikioni, kipaza sauti mkononi, na watu mia na ushee walikuwa wamenyamaza wakimtazama. Hapo ndipo tulipomwacha mzee Gusa-Vinne wiki jana, saa nne ya asubuhi, siku ya kuagwa kwake kazini, mgongo kauegemeza kwenye ukuta uliopakwa chokaa jana yake, uso umemshuka kama bwana harusi aliyesahau jina la bibi harusi.

Na yule ambaye gazeti lake la wiki jana lilikwenda kufungia sabuni dukani, aambiwe upesi upesi, maana lori limelala na moshi unatoka.

Gusa-Vinne ni mkaguzi wa lango la bohari. Bohari yenyewe si ya unga wala nguo, ni ya vitu vyenye hasira: petroli, spiriti, asidi, gesi. Lori likishapakia, haliruhusiwi kutia gurudumu barabarani mpaka liwe na vibao vinne: mbele, nyuma, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia. Kila kibao kina rangi yake, picha yake na namba yake, na vyote vinne sharti viseme kitu kimoja, kile kilichomo ndani. Gari likipinduka, anayekuja kuokoa asome upande wowote aliojaliwa kuuona, ajue anapambana na nani.

Kazi ya mzee ilikuwa kulizunguka lori na kuvigusa vibao kwa kiganja, kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti. "Macho hudanganywa na vumbi," aliwafundisha madereva kwa miaka thelathini na mmoja. "Kiganja hakina wa kukidanganya." Ndiyo asili ya jina. Lile alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu, linapumzika.

Aliyepiga simu alikuwa binti yake, sajini wa zimamoto. Lori aliloliruhusu mzee saa mbili na nusu asubuhi lilikuwa limepinduka kwenye kona iliyo kabla ya daraja. Limelalia ubavu wa kushoto, pua imebonyea mtaroni, mlango wa nyuma umeng'oka na kutumbukia mtoni. Kibao kilichosomeka kilikuwa kimoja tu, cha ubavu wa kulia, kinatazama mbinguni.

Na maneno ya sajini yalikuwa haya: "Baba, kibao kinasema petroli, lakini pua yangu inasema kitunguu saumu. Mlipakia nini humu?"

Mzee akabadilisha sikio.

Kitunguu saumu alikijua. Ni harufu ya mawe ya gesi, yale ambayo mafundi wa kuchomelea huyatia maji kidogo ili yatoe gesi ya kukatia vyuma. Yakipata unyevu tu, hunuka hivyo. Tone la maji hukupa gesi. Mpira wa maji hukupa msiba.

Na kile kibao cha petroli alijua kimetoka wapi. Lori lile jana lilibeba mapipa ya petroli. Usiku likalala bohari, asubuhi likapakiwa mawe ya gesi, dereva akabadilisha vibao vitatu. Cha nne kikabaki cha jana.

Jibu lilikuwa maneno mawili. Usimwage maji. Mtoto wa chekechea angeyasema akabakiwa na pumzi ya kuomba peremende.

Lakini mzee akatupa jicho mbele. Safu ya kwanza alikaa mkewe, kitambaa kipya kichwani, mikono juu ya pochi. Pembeni yake meneja. Nyuma yao madereva aliowafundisha, wengine wamevaa tai kwa mara ya kwanza tangu waoe. Juu ya vichwa vyao bango: GUSA VINNE, FIKA SALAMA.

Akasema, "Mama, kibao hakidanganyi. Nilivigusa mwenyewe, vyote vinne."

Kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa.

Uwanja mzima ukapiga makofi.

"Sawa, Baba," sajini akasema. Hata kwenye simu alisikika akipata nguvu. "Nilijua tu. Kuna mtu hapa ananivuruga. Kama ni petroli, tunamwaga povu."

Simu ikakatika.

Povu la zimamoto, msomaji, ni maji yaliyovaa koti.

Mzee akapiga tena. Namba inatumika. Akapiga tena. Namba inatumika. Akapiga kituo cha zimamoto, simu ikalia kwenye ofisi tupu mpaka ikachoka, kwa kuwa waliokuwamo wote walikuwa wamekwenda kumwaga povu.

Akajing'oa ukutani. Na alipojing'oa, alichokuwa amekiziba kwa mgongo tangu saa tatu kikaonekana: alama za kiganja kwenye chokaa mbichi, kwa urefu wa bega, mahali ambapo malori hubananishwa yakisubiri kutoka.

Hiyo ndiyo siri yenyewe, na hakuna namna ya kuisema ikapendeza. Ua la bohari lilikuwa dogo, malori yameongezeka, basi yale ya kutoka yalisogezwa ubavu wa kulia mpaka karibu yaubusu ukuta. Paka mwembamba angepita pale kwa kuvuta pumzi. Mzee mwenye goti bovu asingepita. Zamani aliamuru gari lisogezwe. Halafu siku moja goti lilimuuma sana, akafika kwenye pengo lile, akanyoosha mkono, akapiga kofi ukuta na kusema "Nne." Hakuna kilicholipuka. Kesho yake akarudia. Kesho kutwa ikawa ndiyo kazi.

Mbele, moja. Nyuma, mbili. Kushoto, tatu. Ukuta, nne.

Miaka miwili.

"Meneja," akasema, na sauti ilimtoka nyembamba. "Nipeleke darajani. Sasa hivi. Lile gari la asubuhi limepinduka, lina mawe ya gesi, na ubavu wa kulia kuna kibao cha jana."

Meneja alikuwa mtu wa kutembea kama anayeogopa kuiamsha sakafu. Alimshika mzee kiwiko, akamsogeza kando, akaongea huku anawatabasamia wageni.

"Mzee wangu, si umesema sasa hivi umevigusa vyote?"

"Nimesema."

"Watu mia wamesikia?"

"Wamesikia."

"Basi tusijichanganye. Kama ubavu wa kulia una kibao cha jana, dereva alikibadilisha njiani. Madereva wana mambo yao. Hati za mzigo zimo kwenye kabini, na kabini imelala mtaroni. Wewe unastaafu kwa heshima, bohari inabaki wazi, na kila mtu anakwenda kula. Tumeelewana?"

"Mwanangu yuko pale na mpira wa maji."

"Twende tukamwambie kuhusu maji," meneja akasema. "Maji tu."

Gari lililokuwa karibu na lango lilikuwa pikapu ya meneja. Mbele lilichukua wawili, na mke wa mzee alikwisha ingia na kufunga mlango. "Aliye huko ni mwanangu pia," alisema, na hakuna aliyethubutu kumshusha.

Nyuma kulikuwa na zawadi ya kustaafu. Kiti cha kupumzikia, kikubwa, cha ngozi ya bandia, kile ambacho ukivuta mpini kinalala nawe. Kimefungwa kamba, kinatazama nyuma, kimevishwa utepe mwekundu na kadi ya ukubwa wa mlango: KWA GUSA-VINNE, MWALIMU WETU.

Hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Mzee akapanda, akakaa kitini.

Pikapu ikachomoka. Mpini ukajivuta wenyewe, kiti kikalala, na mkaguzi mkuu wa vibao akatoka langoni chali, miguu juu, huku madereva waliobaki wakimpungia mkono. Walidhani ni sehemu ya sherehe.

Njia ya kwenda darajani ni mwendo wa nusu saa. Meneja aliikata kwa dakika kumi na tano, na inasemekana vivuli vya miti viliruka kando kumpisha.

Katikati ya safari kidirisha cha nyuma kikafunguka. Mkewe.

"Baba Sajini."

"Naam."

"Suruali zako za kazi. Mwaka wa pili huu nafua vumbi la ukuta kwenye paja la kulia. Kila siku paja hilo hilo. Nilidhani kuna mahali unaegemea ukichoka."

Upepo ulikuwa unaipiga ile kadi usoni mwa mzee, paa, paa, paa.

"Leo vumbi ni jeupe," mkewe akasema. "Uliegemea nini?"

"Sikuegemea," akasema. "Niligusa."

Mama yule aliwahi kumsikia mumewe akimfundisha binti yao kuhesabu kwa vibao, mtoto akiwa na miaka minne, meza ya kulia chakula ikiwa ndiyo lori. Moja, pembe ya mbele. Mbili, ya nyuma. Mtoto akiruka pembe, halali mpaka arudie.

Akakifunga kidirisha polepole, kama mtu anayefunika chungu.

Wakaikuta foleni kilomita nzima kabla ya kona. Magari yamezimwa, watu wameshuka, wengine wametandika. Meneja akatia gurudumu kwenye vumbi la kando, upande wa kushoto wa foleni, akapita nayo huku anapiga honi.

Kwa kuwa alikuwa anatazama nyuma, mzee aliyaona magari yakimpita moja moja. Akaliona lori jeupe la mapipa ya spiriti, lililotoka langoni kwake nusu saa baada ya lile la mawe. Kibao chekundu chenye mwali kimetulia ubavuni, kinang'aa. Moyo wake ukapata mahali pa kuweka mguu. Angalau hili, akajiambia. Angalau hili.

Pikapu ikafunga breki.

Kwenye kona kulikuwa na kamba, umati, gari jekundu la zimamoto na lile lori limelala kama ng'ombe aliyegoma. Moshi mwembamba ulitoka kwenye injini. Mapipa matatu yalikuwa yamepasuka na mawe ya kijivu yamemwagika mpaka ukingoni mwa mtaro wenye tope. Tope lilikuwa linatoa mapovu madogo madogo. Na ile harufu, kana kwamba jiko zima la hoteli limemenyewa vitunguu saumu.

"Jamani, mzee kaja na sebule yake," mtu mmoja kwenye umati akasema. Alikuwa dereva wa lile lori jeupe, funguo anazizungusha kidoleni. Watu wakacheka.

Juu ya jiwe, mikono imefungwa pingu, paji la uso limefungwa bandeji, alikaa dereva wa lori lililopinduka. Aliitwa Taratibu, kwa sababu hajawahi kwenda taratibu. Wenzake huapa kwamba aliwahi kufika na mzigo kabla ya barua ya kuuagiza.

"Ni mawe ya gesi," alikuwa anasema, sauti imekauka. "Nimesema mara ngapi? Ni mawe ya gesi, dada yangu, usimwage kitu."

"Nyamaza," trafiki akamwambia. "Umeweka kibao cha petroli kwenye mawe, au umeweka mawe kwenye kibao cha petroli, yote ni kosa. Na mkaguzi kasema ni petroli."

Sajini alisimama hatua saba kutoka kwenye moshi, kofia ya chuma kichwani, mkono umeinuliwa. Nyuma yake wazimamoto wawili, waliohangaika robo saa na pampu iliyogoma, wameukumbatia mpira ulionona tayari.

"Kaka," akamwambia Taratibu bila kugeuka, "baba yangu amevigusa vyote vinne. Wewe ungekuwa mimi ungemwamini nani?"

Mzee alilisikia hilo. Tangu azaliwe hakuwahi kusifiwa kwa maneno mazito kama yale, na alitamani tope lile la mtaroni limmeze na viatu vyake.

Akaamka kwa pupa, goti likamkana, utepe ukamnasa mguu, kamba ya kiti ikakatika, na mzee, kiti na kadi vikashuka kutoka kwenye pikapu kwa pamoja, mzee akiwa chini.

"Usimwage maji," akasema, mdomo uko kwenye vumbi.

Hakuna aliyesikia.

Mkono wa sajini ukashuka.

"Usimwage maji." Safari hii alipiga kelele, na sauti ilikuwa ile ya kuhesabu langoni, ile iliyosimamisha malori kwa miaka thelathini na mmoja. Sajini akageuka. Mwenye mpira akafunga koki.

Lakini tonge la kwanza la povu lilikuwa limekwisha ruka. Likapaa, jeupe, zuri, likatua katikati ya mawe.

Kukasikika mlio kama chapa ya moto inayotiwa kwenye ngozi. Halafu hewa ikawaka. Ulimi wa moto wa njano ukaruka juu kuliko lori, ukamlamba sajini upande mmoja, ukazimika kwa kukosa cha kula.

Umati ulirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, kama uliochezeshwa na mwalimu.

Sajini alikuwa bado amesimama. Mkono wa koti lake ulikuwa unafuka moshi. Nyusi ya kushoto haikuwepo tena.

Mama yake, aliyekuwa anashuka kwenye pikapu, alikaa chini barabarani bila kutafuta mahali.

"Mpira nyuma," sajini akasema. Hakupaza sauti. "Unga mkavu wa kuzimia moto kwenye injini. Nyie wa pembeni, sigara zote zimeni, na anayebisha atanieleza mimi. Nani ana mchanga mkavu?"

Katika foleni, gari la pili kutoka mbele lilikuwa la mchanga wa ujenzi. Ndani ya dakika tano lilikuwa limesogezwa. Watu waliokuja kutazama wakajikuta wameshika makoleo, na trafiki mwenyewe akavua kofia akachota. Wakayafunika mawe, wakaziba ukingo wa mtaro, tope likaacha kutoa mapovu. Injini ikakohoa unga, moshi ukakatika.

Muda wote huo mzee alikaa kwenye kiti chake kilichopinduliwa, juu ya mkono wa kiti, kwa kuwa hakuna aliyemwambia afanye lolote.

Sajini akaja. Akavua glavu. Ndiyo kwanza akamtazama baba yake.

"Umejuaje?" akauliza. "Nusu saa iliyopita ulisema petroli."

Meneja akawahi. "Binti yangu, mzee kapata mshtuko. Ukweli ni kwamba gari lilitoka bohari na vibao vyote sahihi. Huyu dereva kabadilisha kimoja njiani. Ndiyo tumekuja mbio kuwaonya."

"Mimi?" Taratibu akasimama na pingu zake. "Nibadilishe ili nipate nini? Mzee, waambie."

Trafiki akatoa daftari. "Mzee, wewe ndiye mkaguzi. Lilipotoka langoni kwako, ubavu wa kulia ulikuwa na kibao gani?"

Ilikuwa rahisi. Kila kitu kilikuwa kimetandikwa kama kitanda cha mgeni. Aseme tu "cha mawe ya gesi", arudi nyumbani na kiti, na Taratibu, ambaye dunia nzima inajua anakimbiza gari, aende ndani. Nani angemtetea? Meneja alikuwa anamtazama kwa upole. Dereva wa lori jeupe alikuwa anatikisa kichwa kumsikitikia mzee wa watu.

Taratibu alikuwa anamtazama tu mwalimu wake, jinsi mwanafunzi anavyomtazama mwalimu anaposahihisha daftari.

"Sijui," mzee akasema.

Trafiki akainua kalamu. "Hujui vipi?"

"Sikukiona. Ubavu wa kulia ulikuwa ukutani. Sikuuona wala sikuugusa."

"Mzee," meneja akanong'ona.

"Huyu kijana aliniambia," mzee akaendelea, na sasa maneno yalitoka yenyewe, kama mapipa yaliyokatika kamba. "Alisema, mzee, huku ndani sijafika, hapapitiki, nisogeze gari nibadilishe na hiki? Kibao cha buluu alikuwa nacho mkononi. Nikamwambia acha, wageni wanakuja, ua lisafishwe, utakiweka ukifika mbele. Nikapiga ukuta kofi. Nikasema nne. Nikamwekea sahihi."

"Nilikisahau," Taratibu akasema polepole. "Hapo kosa langu. Kiko chini ya kiti cha dereva. Nilisema nitakiweka kwenye kituo cha mafuta, nikapita."

"Ungekumbuka vipi?" mzee akamwambia. "Mkaguzi alikwisha kuhesabu nne."

Hakuna aliyecheka. Yule wa utani wa sebule aliacha kuzungusha funguo.

Sajini alinyoosha mkono. "Nipe kiganja, Baba."

"Mama..."

"Cha kulia."

Akakitoa. Alikuwa amekifuta kwenye suruali, kwenye leso, kwenye ngozi ya kiti, lakini chokaa huingia kwenye mistari ya kiganja na kukaa humo kama mpangaji. Mistari yote ilikuwa myeupe. Ungeweza kumsomea bahati yake kutoka upande wa pili wa mto.

Sajini alikitazama kiganja kile muda mrefu. Kilimfundisha kuhesabu. Kilimshika siku ya kwanza ya shule.

"Ulinijibu kwenye simu," akasema. "Nilikuuliza nikiwa nimesimama pale. Na ukanijibu."

"Watu walikuwa wananitazama."

Jibu jingine alilitafuta njia nzima, chali kitini, akakosa.

"Vijana wangu wawili walikuwa wameshika ule mpira, Baba. Mmoja ana mtoto wa wiki tatu." Akakiachia kiganja. Hakukitupa, alikiachia tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ningekuwa na hasira ningejua la kufanya. Naona aibu. Tangu asubuhi nawaambia watu hapa baba yangu ni nani."

Mzee akainamisha kichwa. Angepewa fimbo mia angezihesabu kwa shukrani.

Trafiki akamfungua Taratibu pingu. Taratibu akajisugua vifundo vya mikono, akaenda akakiinua kile kiti, akakiweka sawa. Akamsaidia mzee kukaa. Ule wema nao ulichoma.

"Tangu lini?" sajini akauliza.

"Goti lilipoanza..."

"Sikuuliza goti."

"Miaka miwili."

"Kila gari?"

"Si kila gari. Yale yanayobanana ukutani. Mengine nayazunguka, nakuapia, nayagusa yote."

"Basi tuanze na ya leo. Leo asubuhi uliupiga ukuta mara moja?"

Mzee akafungua mdomo kusema ndiyo. Alitaka sana iwe ndiyo. Lakini mkewe alikuwa amesimama nyuma ya sajini, ameziona zile alama bohari kwa macho yake, na alikuwa na tabia ya kuhesabu.

"Ziko mbili," mama akasema. "Kwenye ukuta. Nilidhani ni mkono mmoja na mwingine. Kumbe zote ni za kulia."

"Mara mbili," mzee akasema.

"La pili ni gari gani?"

Lile lililotoka nusu saa baadaye. Lile alilolipita kwenye foleni, kibao kinang'aa, moyo ukapata pa kuweka mguu. Alilipita upande wa kushoto. Upande wa kushoto ndio alioukagua.

"Lori jeupe," akasema. "La spiriti. Mapipa sitini."

"Liko wapi?"

Hakuhitaji kujibu. Barabara pale inajipinda kama mundu, na mtu akisimama kwenye kona huiona foleni yote kwa upande wa kulia, gari kwa gari. Wote wakageuka. Hata dereva wake, aliyesimama palepale kati yao, funguo mkononi, mita mia tatu kutoka kwenye gari lake.

Lori jeupe lilikuwa pale. Ubavu wa kulia ulikuwa na fremu ya kibao, na ndani ya fremu hapakuwa na kitu. Bati tupu, safi, lisilosema neno.

Jua la karibu saa tano lilikuwa kali, na katika foleni nzima ni lori lile peke yake lililokuwa na kivuli kizuri. Watu wapatao thelathini walikuwa wamekikimbilia, na watoto wao, na mabegi yao. Mmoja alikuwa ameegemea bodi, amelala.

Na katikati yao, mama mmoja mchuuzi, aliyeona foleni ni riziki, alikuwa amechutama na birika lake la chai, anapuliza jiko la mkaa. Akapuliza mara ya tatu, akarudisha kichwa nyuma kukwepa moshi, na makaa yakashika.